Mkono Juu ya Kikombe

Wewe utakayeusoma ukurasa huu, nivumilie. Herufi zangu zinalala upande, nyingine kubwa, nyingine ndogo, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi ikatoboka. Shule niliishia ya msingi, na hata huko nilikuwa wa mwisho kufunga kalamu. Neno nisilojua linavyoandikwa nimeliandika kama linavyosikika kwetu mtaani Buyenzi. Ukikwama, lisome kwa sauti, nadhani sikio lako litalinyoosha.

Sikuandika kwa kupenda. Kazi yangu ni kushona, na mama mwenye duka ninaloshonea ndiye aliyenituma kwenye mafunzo ya namna ya kuongea na wateja, huko Kamenge. "Unashona vizuri," aliniambia, "lakini mteja akiingia unajificha nyuma ya mashine kama paka aliyeiba nyama." Nikaenda. Nikakuta chumba kimejaa wanafunzi wa chuo na vijana wa kuuza simu, watu ambao midomo yao haijawahi kulala. Mwalimu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliandika ubaoni: macho, mikono, sauti, masikio. Akasema hayo ndiyo mambo ya msingi, mengine yote yanafuata nyuma.

Kisha akatuambia tusimame mmoja mmoja, tumsalimie kama vile yeye ni mteja. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Macho yakaenda chini yenyewe. Mkono wa kulia ukaingia ndani ya kitenge wenyewe. Sauti sijui ilienda wapi.

"Bon, dada, niangalie," mwalimu alisema. "Mi siko huko chini, niko hapa juu. Na huo mkono umeuficha wa nini? Mteja atasema umemwibia."

"Ameficha andazi!" mmoja alisema kutoka nyuma.

Walicheka wote. Na mimi nilicheka kidogo, ili isionekane kwamba nimeumia, huku uso unawaka. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliona, akawanyamazisha, akaniambia nikae. Mwishoni akatupa kazi: kila mtu aandike ukurasa mmoja, aseme nani alimfundisha kuongea na watu. Kurasa zitabandikwa ukutani kwenye chumba kile, na atakayesoma anaweza kumjibu mwandishi. Wenzangu walimaliza siku ileile. Mimi ukurasa mmoja umenishinda, kurasa zimeshakuwa nyingi, na nimechelewa sana kuzitoa. Kuchelewa huko kuna sababu yake, utaiona.

Nianze na nyumba. Mimi nilifundishwa kuongea katika nyumba ambayo mtu hawezi kuongea.

Nyumba ya bibi yetu ilishika ukuta mmoja na gereji. Si gereji ya kubadilisha oili tu, bali ya kunyoosha bodi. Gari likigongwa popote mjini huletwa Buyenzi, na yale yaliyokunjamana vibaya yaliletwa kwa jirani yetu fundi. Nyundo zilianza tukiwa bado tunakunywa chai na zilikwenda mpaka magharibi. Zilinyamaza kwa adhana, na maiti ikipita njiani kupelekwa makaburini. Basi. Muda mwingine wote ilikuwa bati, bati, bati, na kikombe kikiwa juu ya meza unaona chai inatetemeka.

Harufu za nyumba ile ningezijua hata leo nikifumbwa macho. Rangi ya kupulizia, chuma kinacholehemiwa, halafu katikati yake kahawa ya bibi yenye tangawizi na vitumbua vikigeuzwa mafutani. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuchambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kutoa vichwa na mchanga, na mchana kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa natwanga kwa mwendo wa nyundo za gereji bila kukusudia. Fundi akipumzika, na mimi mchi unasimama, bibi anageuka kuniangalia. Nguo tulizianika kwa wasiwasi. Siku moja walipuliza minibasi rangi ya samawati, upepo ukavuka ukuta, na shuka nyeupe ya bibi ya kuswalia ikatoka na madoa kama kuku wa kanga. Fundi alikuja kuomba radhi, akasema kama bibi anakubali atapuliza na sehemu iliyobaki ili zifanane. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Shuka ile aliitumia hivyohivyo miaka yote.

Katika kelele ile sisi tuliongea kwa mwili. Bibi hakupenda mtu ashindane na gereji. "Usinipigie kelele," alikuwa anasema, "nyundo zinatosha." Alikuwa ananyoosha midomo kuelekea kitu anachotaka umletee, na ulijua kama ni ndoo au ni kinu. Akiinua nyusi ni ndiyo. Akisonya, hata kama husikii unaona meno, kimbia. Mezani, aliyeshiba au asiyetaka aliweka kiganja juu ya kikombe chake. Hiyo ndiyo ilikuwa hapana ya nyumba yetu. Na haikubaki kwenye chai. Bibi akikuuliza kwa nyusi kama utakwenda sokoni, nawe umechoka, unafunika kikombe, hata kikiwa kitupu, hata kama umekishika tu njiani unakipeleka kuoshwa. Watoto wa nyumba nyingine hawakuelewa, na sisi tulifurahi kwamba hawaelewi.

Na fundi pia alikuwa na lugha yake na bibi, kupitia dirisha dogo lililotazama gereji. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa nyundo. Bibi akiinua kikombe dirishani, fundi anakuja kunywa kahawa. Bibi akitoa kiganja wazi nje ya dirisha, gereji nzima inanyamaza. Lakini kiganja kile hakikutolewa ovyo. Nilikiona siku ilipokuja habari ya kifo cha baba yetu, na tena siku mama alipomfuata. Mafundi waliweka nyundo chini, wakavua kofia bila kuuliza.

Kwa hiyo tulilelewa na bibi, mimi na dada yangu. Dada alikuwa mkubwa sana kwangu, msichana kamili, yuko darasa la mwisho la sekondari ambalo alichelewa kulifikia kwa sababu ya nyakati mbaya zilizopita. Yeye ndiye alikuwa redio ya nyumba. Nyundo hazikumzuia, aliongea nazo, alizipita kwa sauti, aliongea zikiwa zimelala. Mimi nilikuwa naongea kupitia kwake. Dukani nasimama nyuma ya mgongo wake, yeye anasema, "Huyu anataka sukari." Mwenye duka anauliza, "Mwenyewe hana ulimi?" Dada anajibu, "Anao, anautunza kwa ajili ya siku kubwa." Watu wanacheka, na mimi najificha zaidi. Hata bibi hakuona kwamba ni shida. Alitufundisha kwamba mkubwa akikusemesha, macho chini, masikio wazi. Nilikuwa hodari wa hilo. Shuleni nilijua majibu, lakini mwalimu akisema simama, macho yalikwenda chini na mdomo nao ukayafuata.

Sasa nimlete shangazi. Shangazi yetu, dada ya baba, alikaa karibu na msikiti. Alikuwa na sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetununulia viatu vya Idi, na hakuja hata siku moja mikono mitupu. Alitupenda, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Shangazi ndiye aliyemletea dada mchumba. Mtu wa vipuri, mwenye mzigo unaoingia bandarini kwa meli kutoka Kigoma, mtu wa swala, ambaye mke wake alikuwa amefariki. Simsemi vibaya, hakuwa na kosa lolote. Shangazi alikuwa anaona mwisho wa mashaka yetu. Bibi anazeeka, watoto wawili wa kike, nani atawatazama? Alikwenda na kurudi kwa wale watu mara nyingi, mpaka wakakubaliana siku ya wajumbe kuja nyumbani.

Wiki ile tulikuwa tunafua nguo uani, mimi na dada. Nyundo zilikuwa zimepumzika kwa adhana ya alasiri.

"Simtaki," dada alisema. "Si kwamba ni mbaya. Mi nataka kumaliza shule yangu."

Nikamwangalia.

"Usinitolee macho hivyo. Wakiniuliza nitasema. Mdomo si ninao?"

Nikaamini. Yeye ndiye alikuwa na mdomo wa watu wawili.

Nadhani unajua desturi, lakini kama hukulelewa kwetu nikueleze. Siku ya posa wageni wanakaa na wazee sebuleni. Msichana anakaa nyuma ya pazia. Mmoja wa wanawake wa nyumba anaingia kumuuliza kama anamkubali yule mtu. Kama hataki anasema hataki. Akinyamaza, ndiyo amekubali, kwa sababu haya ya msichana inamzuia kusema ndiyo mbele za watu. Ni desturi ya heshima, na wamama wengi wa Buyenzi waliolewa kwa kimya hicho na wakafurahi. Lakini ndani yake kuna mahali pa kuteleza, na sisi tuliteleza hapo.

Siku ilifika. Tulikuwa tumefagia mpaka nje ya mlango, mikeka imetandikwa, pilau imefunikwa. Amu yetu, mdogo wa baba, alisimama mahali pa baba kupokea wageni. Alikuwa amekwenda kwa fundi kumwomba apunguze nyundo. Fundi alikuwa na paa la minibasi ambalo mwenye gari analisubiri pale pale. "Imebaki kidogo tu, Amu, kidogo," alisema. Kidogo ya Buyenzi unaijua. Wageni walikaa, wakasoma dua, na juu ya dua yao paa la minibasi lilikuwa linapigwa.

Mimi na dada tulikuwa nyuma ya pazia, juu ya mkeka. Shangazi alikuwa amempa dada kahawa ya kumtuliza moyo. Alikuwa ameshaimaliza, kikombe kitupu kipo juu ya goti lake. Shangazi akaingia, akapiga magoti, akamwekea mdomo sikioni kwa sababu ya kelele. Sikusikia neno, lakini nilisoma midomo yake, na nilijua ndilo swali.

Nikasubiri dada aseme.

Dada aliinamisha kichwa. Midomo yake ilifunguka, ikafunga. Ikafunguka tena. Yule dada wa kuzipita nyundo, sauti ilimkimbia. Baadaye sana aliniambia kwamba alisikia wazee wanakohoa upande wa pili, akakumbuka viatu vya shangazi vilivyochakaa kwa kwenda na kurudi, akaona haya kumwangusha. Kisha nikaona mkono wake unatoka kwenye kanga taratibu, unakuja juu ya kikombe, kiganja kinafunika, kinabana mpaka vidole vinapauka.

Nikamwangalia shangazi. Shangazi alikuwa anatazama uso wa dada. Na usoni kulikuwa na haya tu, kama inavyotakiwa. Yeye hakulelewa katika kelele yetu, vikombe vyetu hakuvijua. Akatabasamu, machozi yakamlenga, akambusu dada kichwani, akainuka, akafungua pazia.

"Kanyamaza!" alipaza sauti juu ya nyundo. "Mutoto kanyamaza, alhamdulillahi!"

Akapiga kigelegele. Amu akapiga makofi. Dada akaniangalia. Mkono ulikuwa bado upo palepale.

Sijui niliinukaje. Najikumbuka nimeshapita chini ya pazia, niko sebuleni, miguu mitupu, mbele ya wanaume wenye kanzu. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha. Shangazi alikuwa ameshika birika, ameinama kummiminia mzee wa wajumbe, mtu wa ndevu nyeupe, maana yeye ndiye wa kwanza kuheshimiwa. Nikasogea karibu na shangazi.

"Shangazi," nikasema. "Shangazi, apana."

Nilisema, nakuapia. Lakini paa la minibasi lilikuwa linapigwa, na hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nikasema tena. Mdomo unatikisika, sauti haitoki. Birika likaanza kuinama. Na mimi nikafanya kile nilichokijua. Nikaweka kiganja changu juu ya kikombe cha mzee.

Kahawa ilimwagika juu ya mkono wangu. Sikuutoa. Nilisikia moto, lakini kulikuwa na moto mwingine, wa macho ya watu wote kuwa juu yangu mara moja, na huo ulikuwa mkali zaidi. Huo bado ninao.

Ujue nilichokifanya ni kitu gani. Kummiminia mgeni ni kumkaribisha. Kufunika kikombe cha mgeni ni kumwambia usinywe kwetu, toka. Hakuna mtoto wa Buyenzi anayelelewa hivyo.

"We mutoto!" shangazi alipiga kelele. "Una wazimu? Toa mukono!"

Amu alishainuka. Mzee wa ndevu alirudisha mikono yake mapajani, akatazama kikombe, akanitazama. "Tumekosa nini," aliuliza, "hata kahawa tunanyimwa?"

Mimi nilimwangalia bibi. Bibi alitazama mkono wangu. Kisha akatazama pazia. Nikaona nyusi zake zinauliza, na mimi nikainua zangu. Akainuka pale kwenye kigoda, taratibu kama kawaida yake, akaenda akalivuta pazia, akamwona dada na kiganja chake juu ya kikombe kitupu. Akarudi mpaka dirishani. Akatoa kiganja wazi nje.

Nyundo zikafa. Kwanza moja, kisha nyingine, kisha zote. Nilisikia kahawa inadondoka kutoka mezani mpaka mkekani.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, na sauti yake katika kimya kile ilikuwa kubwa mno. "Sasa tunasikilizana. Unamtaka au humtaki?"

Wote tuligeukia pazia.

"Simtaki, bibi," sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba kama ya kwangu. "Mi nataka kumaliza shule." Kisha akalia.

Na hapo, kabla mtu hajajua aseme nini, fundi akaita kutoka gereji kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja, "Bibi! Nani kafariki huko?"

Leo nikikumbuka najaribu kucheka. Siku ile nilitaka ardhi ifunguke.

Mzee wa wajumbe alivaa kofia yake vizuri. "Hakuna aliyefariki," alisema polepole, si kwa fundi, ni kwetu. "Tumesikia. Mutoto wa watu si mzigo wa kupakua." Akaelekeza kidole kwenye mkono wangu. "Mtieni huyu maji baridi." Wakatoka. Mlangoni hawakupata viatu vyao haraka, na muda wote ule wa kutafuta viatu watu wote walitazama chini, wenyeji na wageni, kama vile viatu vile vilikuwa na habari muhimu.

Shangazi alikaa kwenye mkeka, birika bado mkononi. Hakumgombeza dada, wala bibi. Aligeuka kwangu. "Umeniaibisha," alisema. "Mbele za watu. Ungeniambia sikioni, mwanangu. Nilikuwa pale pale."

Akaweka birika chini, akaondoka. Pilau ililiwa na mafundi.

Bibi alinitia maji baridi, kisha asali. Hakunisifu na hakunigombeza. Kuanzia kesho yake alinipa kazi mpya: niende dirishani nimwite fundi kahawa kwa mdomo, si kwa kikombe. Kila siku nilisimama pale nikaita. Kila siku sauti ilipotea kwenye bati. Na kila siku fundi aliinua kichwa, akaona mdomo unacheza, akaja. Bibi alisema nimefaulu. Mimi nilijua sijafaulu.

Habari ilitembea, Buyenzi watu wanatembea na habari inatembea nao. Watoto waliniita Mama Kikombe. Nikipita walikuwa wanaweka viganja juu ya vichwa vyao kama mifuniko. Mwenye duka alifunika kopo la sukari nilipoingia, akacheka mpaka akakohoa, na siku ile hakukuwa na mgongo wa dada wa kujificha. Hapo ndipo nilipoanza kuficha mkono. Kovu si kubwa, ni ngozi iliyopauka kidogo kama ramani ya ziwa. Lakini mimi nilikuwa naona watu wote wanalisoma.

Kilichoniumiza zaidi ni lile neno la shangazi. Alikuwa na haki. Alikuwa amepiga magoti karibu yangu nyuma ya pazia, ningemvuta nguo, ningemwambia sikioni, hakuna mgeni angejua. Heshima ya dada ingebaki na ya shangazi ingebaki. Lakini mdomo wangu ulikuwa unasubiri mdomo wa dada, kama siku zote. Shangazi aliacha kuja kwetu. Tukikutana njiani aliwasalimia wote kwa ile sauti yake kubwa, na mimi aliniinulia kidevu tu, huku anatazama pembeni.

Dada alimaliza shule. Baadaye aliolewa Rumonge na mtu aliyemchagua, na siku ya kuulizwa alisema "Ndiyo!" kwa nguvu mpaka wanawake wakamziba mdomo kwa kanga kwa kicheko. Ananipigia simu. Kwenye simu mikono haionekani, kwa hiyo tunaongea kidogo halafu tunanyamaza wote wawili. "Uko hapo?" anauliza. "Niko," nasema. Simu inaendelea hivyo mpaka inakatika.

Bibi hayupo tena. Baada ya ile siku ya mafunzo, kabla ya kuja kuandika, nilipita kwenye nyumba. Ni duka la vipuri sasa. Mahali pa pazia pamewekwa rafu za taa za magari. Dirisha dogo limezibwa kwa matofali, na upande wa pili hakuna gereji, kuna ukuta na geti la chuma, na kimya. Nilisimama pale kama mtu anayetaka kununua kitu. Kijana wa duka aliniuliza natafuta nini. Nikanyoosha midomo kuelekea pale palipokuwa na kigoda, kabla sijajizuia. Akageuka kutazama, hakuona kitu, akaniangalia kwa huruma. Nikaondoka. Watu walioielewa lugha ile tumebaki wawili, na mmoja yuko Rumonge.

Ukurasa wangu ungeishia hapo, na ningeutoa pamoja na wenzangu. Lakini Idi ikaingia, nikaenda kwa shangazi. Miaka yote hii nilikuwa naenda, nasalimia mlangoni, nasingizia kazi, naondoka. Safari hii aliniambia, "Kaa." Amezeeka. Birika analishika kwa mikono miwili. Aliwamiminia wote waliokuwa sebuleni, majirani na wajukuu zake, akafika kwenye kikombe changu. Birika likasimama hewani.

Hakunitazama usoni. Alitazama kitenge changu, pale mkono ulipojificha. Akasubiri. Watu wakageuka kututazama, maana waliokuwepo wote wanaijua hadithi ile.

Nikautoa mkono. Nikauweka mezani kando ya kikombe, kovu juu, mbele ya watu wote. Nikamtazama machoni, na haikuwa rahisi.

"Mimina, shangazi," nikasema. Ilisikika mpaka mlangoni.

"Kumbe sauti unayo!" akasema, na watu wakacheka, akamimina mpaka kahawa ikafurika kwenye kisahani. Kisha akainama kunipa sukari ambayo sikuiomba, akaweka mdomo sikioni kwangu kama alivyomfanyia dada siku ile.

"Siku ile," alisema, "niliona midomo yako. Niliona unasema apana. Wageni walikuwa wameshakaa, nikaendelea kumimina."

Akaenda na birika lake kwa mwingine. Mimi nilikunywa kahawa yangu yote, na ilikuwa na sukari kupita kiasi.

Miaka yote nilidhani kile kidevu ni hasira. Nilidhani anatazama pembeni kwa sababu ya aibu niliyompa. Kumbe na yeye alikuwa na ya kwake, anaificha kama mimi nilivyoficha mkono, na tulipishana njiani kila mtu na yake. Mwalimu wa Kamenge aliandika ubaoni macho, mikono, sauti, masikio. Sikatai. Ila nilitaka kumwambia, na sitaweza kumwambia kwa mdomo, kwamba siku ile nyumbani kwetu vyote vinne vilikuwepo, na bado hatukusikilizana.

Basi nimemaliza. Wewe uliyesimama mbele ya ukuta huu ukanisoma mpaka hapa, nakuomba kitu. Niambie kwenu mlikuwa mnasemaje hapana bila kufungua mdomo. Niambie kama kuna aliyeiona akajifanya hakuiona. Chini nimeacha nafasi, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Andika pole pole, kwa herufi kubwa, maana hata kusoma ninasoma taratibu. Nitapita kila baada ya mafunzo, na mkono wangu hautakuwa kwenye kitenge.